Kabla Hamjataja Idadi ya Ng'ombe

Baba mdogo alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya kantini, sahani mkononi. Tukasalimiana, akauliza afya, akauliza mvua za huku Dodoma, halafu akaingia kwenye jambo lake: "Hiyo digrii yako ni ya miaka mingapi, mayu?" Mitatu, nikamwambia. "Na kidato cha tano na sita ni miwili?" Ndiyo, baba. Pakawa kimya, nikamsikia ananong'ona hesabu. Mimi nikadhani anataka kujua namaliza lini ili nianze kusaidia wadogo zangu. Kumbe mzee alikuwa anapanga bei.

Barua ya posa ilikuwa imefika nyumbani wiki ile. Kijana ni wa Mpanda mjini, tunafahamiana tangu sekondari, kamaliza chuo mwaka juzi na sasa anafundisha kwa kujitolea huku akisubiri ajira. Wazee wa upande wa baba wakakaa, wakatoa jibu lao la kwanza: ng'ombe 25. Dada yangu, aliyeishia darasa la saba, aliolewa kwa 18. Hao 7 wa nyongeza ndiyo elimu yangu yote, kuanzia ile "Be, bata" hadi bumu la mwisho.

Najua siko peke yangu. Kila muhula humu mabwenini kuna mtu kavishwa pete, na kila muhula kuna kijana analia kwamba katajiwa mahari ya kununulia bajaji mbili. Tukianza mjadala, basi unakuwa wa idadi tu: wengi mno, wachache mno, mahari ifutwe kabisa. Wasichana wengine, tuseme ukweli, tunajivunia. "Mimi sitoki kwa chini ya 20." Nimewahi kusema hivyo mwenyewe, mwaka wa kwanza, na watu wakacheka. Leo naona tulikuwa tunarukia swali la pili. Swali la kwanza ni hili: siku nikirudi nyumbani na begi langu, usiku, mtanifungulia mlango?

Nieleze ninakotoka, maana wengi wenu mkisikia Katavi mnawaza viboko tu. Viboko wapo, kweli. Ukitoka Mpanda kuelekea kusini unafika Sitalike, pale kwenye mto Katuma, unawaona wamejazana kwenye tope kama mawe. Kisha barabara inakata Hifadhi ya Katavi, unatokea Kibaoni, na hapo umeingia Mpimbwe: Usevya, Mbede, Mamba, Majimoto. Mkoa wenyewe ni mdogo kwa umri, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Wenyeji wa bonde lile ni Wapimbwe, watu wa mahindi, mihogo, mpunga, samaki, na zamani uwindaji. Ng'ombe hawakuwa nao, mbung'o hawakuruhusu. Ng'ombe waliletwa na Wasukuma, walioanza kuhamia kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 wakitafuta malisho. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Mama yangu ni Mpimbwe. Kwa hiyo mimi nimezaliwa na mila mbili ambazo kuhusu mwanamke na nyumbani kwao hazielewani hata kidogo.

Kwa kina mama, ndoa haina mambo mengi. Mwanamume na mwanamke wanaanza kukaa pamoja, wanalima pamoja, watu wanawaita mume na mke, basi. Wakishindwana, mmoja anaondoka. Mwanamke anarudi kwa mama yake, analima shamba la msimu ule, na baadaye anaweza kuanza maisha na mwingine. Wala haya si maneno ya kijiweni. Mtafiti Monique Borgerhoff Mulder, aliyekaa Mpimbwe miaka mingi kuanzia ile ya 1990, aliandika mwaka 2009 kuhusu ndoa hizi za kufuatana. Alikuta jambo ambalo wengi hawakulitarajia: wanawake walioolewa zaidi ya mara moja hawakuwa wamepata hasara kwa idadi ya watoto waliokua, walikuwa wamewazidi wenzao. Kubadili mume kulikuwa njia ya mwanamke kujiokoa na mwanamume asiyefaa.

Kwa kina baba, ndoa ni ng'ombe. Wanatajwa, wanabishaniwa, wanachaguliwa mmoja mmoja, wanaswagwa mchana kweupe kila mtu aone. Na hawakai. Hili ndilo ambalo wenzangu wa mjini hamlijui, mnadhani mahari inawekwa benki. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada ndio wanaotoka kwa ajili ya kaka. Mwaka huohuo, pengine mwezi huohuo, wanahamia zizi la tatu kumuoa wifi. Shangazi zangu, dada yangu, wifi zangu, wote wamefungwa kwenye kamba moja ndefu ya ng'ombe inayopita vijiji vingi. Ukivuta upande mmoja, zizi la mbali linatikisika.

Sasa sikieni kisa cha bibi yangu wa Usevya. Baba alipotaka kumuoa mama, miaka ya tisini, babu alikuja na ng'ombe kama wanavyofanya kwao. Bibi akawatazama, akawakataa. Inasimuliwa hadi leo pale kijijini, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, lakini maneno ya bibi hayabadiliki: "Mimi zizi sina. Binti yangu akirudi, nitawarudishia nini?" Akapokea jembe, kitenge, blanketi na hela kidogo. Kina babu walichukia. Walihisi wamedharauliwa, na upande wa baba waliishi miaka mingi wakisema mama yangu "aliokotwa".

Mlango aliouacha wazi bibi, mama aliutumia. Nilikuwa sijaanza shule. Baba alikuwa ameanza pombe na mkono mwepesi. Mama akanibeba mgongoni, akafunga nguo zake kwenye kanga, tukaenda Usevya. Hakuna aliyeitisha kikao. Bibi hakuuliza umefanya nini, alitandika mkeka. Tulikaa msimu mzima, mama akalima mpunga wake, akavuna, akauza. Baba alikuja mara ya kwanza akiwa na wazee, bibi akawapa maji ya kunywa wakaondoka. Mara ya pili alikuja peke yake, kwa baiskeli, akakaa chini ya mwembe kuanzia asubuhi hadi mama alipotoka shambani. Wazazi wangu waliishi pamoja tena hadi baba alipofariki. Mkono haukuinuka tena. Mimi naamini hakuna kilichomfunza baba zaidi ya kujua kwamba mke wake ana pa kwenda na hakuna anayedaiwa kwa sababu hiyo.

Dada yangu hakuwa na mlango huo. Aliolewa akiwa na miaka 17, na ng'ombe wake 18 hawakukaa kwetu hata msimu mmoja, maana kaka alikuwa na mchumba anasubiri. Dada alirudi mara mbili. Mara ya kwanza na jino limetoka. Kikao kilikaliwa, mimi nilikuwa naleta maji ya kunawa kwa hiyo nilisikia. Hakuna hata mmoja aliyesema dada ana makosa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: wote walikubali kwamba mwanamume yule amekosa. Lakini mzee mmoja akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Ng'ombe tutawatoa wapi?" Wakati huo wifi yangu alikuwa uani, mjamzito, anatwanga. Kumrudisha dada nyumbani maana yake ni kuirudisha mahari, na mahari ilikuwa imeshakuwa wifi. Mchi ukasimama kidogo. Halafu ukaendelea. Dada alipelekwa kwa mumewe kesho yake, kaka akiwa amembeba kwa pikipiki. Mara ya pili hata kikao hakikuitishwa.

Kaka si mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo, maana ukisimulia kisa kama hiki humu chuoni watu wanatafuta shetani. Kaka alilia. Alikuwa na miaka 22, na alitakiwa achague kati ya mke wake na dada yake, kwa jambo ambalo wote watatu hawakulipanga.

Najua jibu la wenzangu wa sheria: kwani hakuna sheria? Ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa. Ndoa inavunjwa na mahakama, baada ya kupita kwenye baraza la usuluhishi. Ng'ombe hawana mamlaka hayo. Na tangu 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Dada angeweza kudai mgawo wake. Lakini mtu anayekwenda barazani anahitaji pa kulala wakati shauri linasikilizwa. Anahitaji mtu wa kumshikia mtoto, nauli, na shahidi ambaye hataogopa. Vyote hivyo vinatoka kwao. Kwao wakishakwambia "rudi", sheria inabaki kuwa karatasi nzuri sana.

Mkitaka kujua sheria inavyogonga ukuta, someni shauri la wajane wawili wa Shinyanga, Wasukuma kama baba yangu, waliofukuzwa kwenye nyumba walizojenga na waume zao kwa sababu mila iliyoandikwa kwenye tangazo la serikali la 1963 haimpi mjane urithi wa mumewe. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba mila hiyo inabagua, na bado ikaiacha ilivyo. Wanawake wale wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliwapa haki. Kutoka Shinyanga hadi Geneva! Mjane kama huyo naye, siku ile ya kufukuzwa, usiku wa kwanza analala wapi? Tunarudi palepale.

Hapa mtu atanikatiza: kwa hiyo unataka wote tuwe kama Wapimbwe, tukae tu pamoja na kuachana? Hapana, na sitaki niwadanganye kuhusu upande wa mama. Mlango unaofunguka kwa mwanamke kutoka, unafunguka pia kwa mwanamume kuondoka. Mama yangu mdogo ameishi na wanaume watatu, ana watoto watano, na wote watano wanalelewa kwa bibi. Hakuna baba hata mmoja anayeleta daftari. Bibi yule aliyekataa ng'ombe sasa ana miaka zaidi ya 70, na kila asubuhi anapika uji wa watu tisa. Tukisifia uhuru wa kina mama zetu, tukumbuke nani anaulipia.

Na mabinti wadogo je? Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha Katavi inaongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Karibu nusu. Darasa langu la kidato cha pili naweza kulihesabu kwa vidole: viti vilivyobaki wazi, nani alikwenda wapi. Huwa naona watu wa semina wakilitaja suala hili kama ugonjwa wa "mila potofu", kana kwamba mila ni moja. Kwetu mimba zile zinatoka pande zote mbili. Huku kwa sababu binti ni ng'ombe wanaosubiriwa, kule kwa sababu mama yake yuko mbali anaanza maisha mapya na hakuna anayemuuliza. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua kurudi shule, jambo jema kabisa, lakini nenda ukaone ni nani anarudi. Ni yule ambaye bibi au mama mkubwa amekubali kubaki na mtoto.

Shangazi yangu mkubwa naye ana hoja, na nimeitafakari sana. Nilipomwambia sitaki ng'ombe, alikasirika. Akasema yeye alipoonewa na mumewe, kaka zake walitoka wote watatu na fimbo, usiku, kwa sababu walikula ng'ombe zake. "Walinila, ilibidi wanisikilize." Kwake yeye ng'ombe ni deni ambalo ukoo unadaiwa na binti. Mwanamke aliyetoka bure atawadai nini kaka zake? Na wakwe watamwona wa kuokota, kama walivyomwona mama yako. Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli, ng'ombe walimpa shangazi sauti. Lakini shangazi alikuwa na kaka watatu wenye zizi kubwa, walioweza kurudisha mahari na wasitetereke. Dada yangu alikuwa na kaka mmoja, na zizi lilikuwa tupu. Mifugo imepungua, malisho yamebana, hifadhi upande huu na mashamba upande ule, na kila faini ya kuingiza ng'ombe hifadhini inakula zizi. Kanuni ileile iliyomlinda shangazi imemfunga dada.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa bwenini wanaosema suluhisho ni kujitoa: msomi, pata kazi, panga nyumba Dar, tuma elfu hamsini mwisho wa mwezi, ukoo usikujue. Hilo nalo ni kujifungia mlango kwa ndani. Ajira zenyewe ziko wapi? Na wale mnaoishi kinyumba huko geto, mkidhani mmeruka mahari na ukoo kwa pamoja, kifungu cha 160 kinasema mkikaa miaka miwili na watu wakiwatambua kama mume na mke, sheria inaweza kuwachukulia kuwa mmeoana. Mmeishi Kipimbwe bila kujua! Ila hamna bibi wa Usevya wa kutandika mkeka mambo yakiharibika.

Wanawake wa kwetu hawakuwahi kuishi bila ukoo, na mimi sijioni nikiuacha. Ninachotaka ni kukaa kwenye ule mkeka ambao maneno yanasemwa. Kwenye kikao cha dada walikaa wanaume tisa na shangazi mmoja, na shangazi aliitwa kushuhudia tu. Mama yake mzazi alikuwa jikoni. Mimi leo nasoma chuo kikuu, nawatumia hela za mbolea, naulizwa maoni kuhusu simu gani inunuliwe, lakini kwenye mahari yangu mwenyewe nilipigiwa simu kuulizwa miaka ya digrii.

Kwa hiyo nimepeleka maneno yangu, kupitia kwa mama, ambaye ameyasema kwa mara ya kwanza mbele ya baba wadogo. Nimesema mambo mawili. Ng'ombe wasizidi 6, na wasitoke zizini kumuoea mtu yeyote. Wakizaa, maziwa na ndama ni vya mama. Na kabla ya kutaja idadi, wazee waseme mbele ya mashahidi wa pande zote mbili kwamba nikirudi, nitapokelewa kwanza na kuhojiwa baadaye. Mchumba wangu tumezungumza. Alinyamaza sana, akaniuliza, "Unaingia huku unapanga kutoka?" Nikamwambia kisa cha baiskeli na mwembe. Bado sijui kama amenielewa au amenivumilia.

Baba mdogo amejibu kwamba hajawahi kusikia posa inayoanza na talaka. Anaona nimeharibiwa na vitabu. Nilitaka kumwambia kwamba haya hayatoki kwenye kitabu, yanatoka Usevya, lakini nikaona simu si mahali pake. Tatizo kubwa zaidi ni mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 20, anaendesha bodaboda pale Majimoto, ana mchumba, na kwa hesabu za ukoo ng'ombe wangu ni wake. Aliniandikia ujumbe: "Dada, sasa mimi nitaoa na nini?" Niliusoma mara nyingi. Ni swali la haki. Nimemwambia nitakapopata kazi nitamsaidia, naye akajibu kwa ile alama ya kidole gumba, ambayo mnajua inaweza kuwa na maana yoyote.

Kikao ni Julai, tukifunga chuo. Nitapanda basi la Tabora hadi Mpanda, nilale kwa rafiki, asubuhi nivuke Sitalike. Bibi amesema naye atakuja, ingawa miguu inamsumbua na hajakanyaga kwa kina baba tangu msiba. Nilimuuliza atasema nini. Akaniuliza kama kule wana mkeka wa kutosha, au aje na wake.